Neno "Kichujio" na Samaki wa Bonde la Wami

Miongoni mwa istilahi ambazo mfasiri huziona nyepesi, na kwa hiyo kuzipita bila kuzipima, ni "kichujio". Neno hili limetokana na kitenzi "chuja" kwa utaratibu wetu wa kawaida wa kuunda majina ya vyombo. Jikoni tuna kifumbu na kung'uto. Unga nao una chekeche. Katika vyote hivyo dhana ni moja: makapi huzuiwa, kinachotakiwa hupita, kisha chombo huoshwa mpaka kitakate.

Dhana hiyo ilitosha mpaka sayansi ilipolitwika neno mzigo mwingine. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika mchanga uliochanganywa na chokaa. Baada ya siku kama 20, amonia iliyokuwamo ilianza kugeuka nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu, mageuzi yalikoma. Ikadhihirika kwamba kazi hiyo haikufanywa na mchanga, bali na viumbe hai waliokaa humo. Mwaka 1890 Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wa aina hiyo.

Habari hizi zatuhusu nini? Mwaka 1977, miaka 100 baada ya jaribio lile, mtaalamu Wildekamp alieleza samaki mdogo aliyepatikana karibu na Kimamba, wilayani Kilosa, katika bonde la Wami. Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius steinforti. Samaki wa jamii hii huishi katika madimbwi ya msimu: dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai husubiri topeni mpaka mvua zirudi. Huko ng'ambo wapenzi wa samaki huwafuga majumbani.

Basi tumfikirie mwalimu wa Mvumi, katika wilaya hiyo hiyo, anayetaka kuwaonyesha wanafunzi samaki wa kwao ndani ya tangi la kioo. Mwongozo uliotafsiriwa wamwambia: "Safisha kichujio kila wiki." Naye, akilifuata neno kama alivyolizoea jikoni, aosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka liwe jeupe. Bakteria wafa, amonia yarundikana, na samaki wafa katika maji yaonekanayo maangavu. Mwalimu hakukosea Kiswahili. Mfasiri ndiye aliyekosea dhana.

Kwa hiyo twapendekeza kazi tatu zitenganishwe. Kinachozuia takataka kiitwe "kichujio cha tope". Makaa yanayonasa rangi na harufu yaitwe "kichujio cha makaa". Mahali wanapokaa bakteria paitwe "kichujio hai", ili jina lenyewe limwonye mtumiaji kwamba ameshika kitu chenye uhai. Chombo kimoja chaweza kufanya kazi zaidi ya moja, lakini mwongozo sharti useme ni ipi inayozungumzwa. Kwa samaki wa madimbwi, waliozoea maji yaliyotulia, sponji linaloendeshwa kwa pampu ndogo ya hewa lafaa kuliko mtambo wenye mkondo mkali.

Vitenzi navyo vichaguliwe. Kichujio hai hakioshwi. Husuuzwa, tena kwa maji yaliyotolewa tangini humo. Tangi jipya huhitaji majuma kama manne hadi sita kabla bakteria hawajatosha. Samaki wengi wasitiwe kwa pupa. Aidha, wapiga chapa wawe waangalifu: bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Ya kwanza kati ya hizo mbili ni sumu kali kwa samaki. Ya pili yavumilika kwa kiasi, na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Tofauti yake katika maandishi ni irabu moja tu.

Hatusemi kwamba neno la zamani litupwe. Twasema kwamba neno likipewa kazi mpya lipewe na kivumishi chake, na asiyejua apate kujua kabla samaki hawajaelea.