Reli ya Dansi, Lami ya Roki

Dansi liliingia Kilosa kwa reli. Njia iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora 1912 iliupa mji stesheni, na mashamba ya mkonge ya Kimamba yakaleta watu wenye mshahara. Penye mshahara na reli bendi haikawii: ndipo ilipotokea Kilosa Jazz, ingawa wakubwa walikuwa Morogoro mjini, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, kwenye Expo 70, na mpiga solo wake Mbaraka Mwinshehe. Anayetafuta roki ya mkoa wa Morogoro aanzie kwenye gitaa lake. Waimbaji wakishanyamaza, solo inashika usukani, inauliza, rithimu inajibu, besi inasisitiza, na wimbo unarefuka hadi mchezaji anasahau ulianzia wapi. Miaka ileile wapiga roki wa Uingereza walikuwa wakirefusha nyimbo zao pia, lakini kwa watu waliokaa vitini. Mbaraka alirefusha bila kumwacha mtu aliye ukumbini, na kwangu hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi. Mwaka 1973 alitoka akaunda bendi yake, Super Volcano. Mtindo wa Sululu wa Morogoro Jazz akauacha nyuma, akaanza Masika.

Kilosa ilifikiwa na reli; Mikumi, ndani ya wilaya hiyohiyo, ilifikiwa na lami. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini, na malori ya shaba na mafuta yakaanza kukatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi iliyokuwa changa, ya mwaka 1964. Mwisho wa barabara hiyo, huko Zambia, kulikuwa na roki ya kweli, ya bendi kama WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, magitaa yakikoroma kwa umeme. Dar es Salaam nako bendi ya Sunburst, mwimbaji wao akiwa James Mpungo, walichanganya roki na ngoma za kwetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na albamu yao pekee, Ave Africa ya 1976, ilirekodiwa Zambia. Ilitolewa upya London mwaka 2016. Inanisikitisha kwamba kijana wa Mikumi anaweza kukua kando ya barabara hiyohiyo bila kulisikia jina la Sunburst, wakati mgeni wa Ulaya anainunua albamu yao dukani.