Chifu, Mtwa, Sultani: tumwiteje Mkwawa wa Kalenga?

Wadau, leo tuache siasa za mjini kidogo, tuongelee neno moja tu. Neno lenyewe ni "chief". Ni la Kiingereza, lakini sisi tumeshalimeza likawa letu: chifu. Kijana akikutana na rafiki yake kijiweni anamwambia "mambo vipi chifu". Magazeti nayo, kila yanapoandika habari za Kalenga, yanaandika "Chifu Mkwawa". Hata wahariri hawaulizi tena.

Sasa hebu tuulize. Mkwawa aliwahi kuitwa chifu?

Jibu fupi ni hapana. Alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Waingereza walikuja kuishika Iringa wakati wa vita kuu ya kwanza, mwaka 1916, karibu miaka kumi na minane baadaye. Katika uhai wake watu wake wa Uhehe walimwita mutwa, au mtwa tukiliandika kwa Kiswahili. (Msomaji wa pwani asije akachanganya na mtwana! Herufi mbili tu zinamtenganisha mtawala na mtumwa wa kiume, na maneno yenyewe hayahusiani.) Chini ya mtwa walikuwapo wazagila, wakubwa aliowaweka kutawala sehemu mbalimbali za nchi. Na jina Mkwawa lenyewe ni kifupi cha Mkwavinyika, ambalo wazee hulieleza kuwa ni mtwaaji wa nchi. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo za Uhehe chini ya mtawala mmoja kabla ya kufariki mwaka 1879.

Wajerumani walimwitaje? Sultani. Hilo nalo si neno la Kihehe. Wajerumani waliingia bara wakitokea pwani, wakiwa na wakalimani na askari waliozoea Kiswahili cha pwani, na pwani mtawala mkubwa anayejulikana ni sultani wa Unguja. Basi kila mtawala waliyemkuta bara akaandikwa sultani kwenye makaratasi yao, mwenye maelfu ya wapiganaji na mwenye vijiji vitatu. Walikuwa pia na neno la lugha yao, "Häuptling". Nitalirudia hilo.

Kwa jina hilo la sultani Mkwawa aliingia kwenye mojawapo ya mikataba mikubwa ya karne iliyopita. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 kumaliza vita kuu ya kwanza, una ibara ya 246. Ibara hiyo inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, iikabidhi serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ibara hiyo hiyo inadai pia Kurani ya Khalifa Othman iliyotolewa Madina. Fikiria wakubwa wa dunia wamekaa Ufaransa wakigawana mipaka na madeni ya vita, na katikati ya hayo limo fuvu la mtu wa Kalenga.

Lakini Waingereza walipokwisha kukabidhiwa Tanganyika, sultani huyo akaanza kushuka cheo kimya kimya na kuwa "chief". Kwa nini wasimwite mfalme? Nadhani sababu iko wazi. Mfalme alikuwa mmoja tu, naye alikaa London. Gavana Donald Cameron alipoanzisha utawala wa kupitia wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, alihitaji watawala wa Kiafrika walio chini ya bwana shauri, wakusanye kodi na kusikiliza kesi. "Chief" lilifaa kabisa. Ni neno linalompa mtu heshima nyumbani kwake na kumwekea dari juu ya kichwa papo hapo. Sapi, mtoto wa Mkwawa, akatambuliwa kuwa chifu wa Wahehe. Baada yake, mwaka 1940, akashika Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Na neno hilo moja lilifagia mengi. Kabla yake kila nchi ilikuwa na lake: mtemi kwa Wasukuma, Wanyamwezi na Wagogo, mangi kwa Wachaga, omukama kwa Wahaya, mwami kwa Waha, malafyale kwa Wanyakyusa kule Rungwe, nkosi kwa Wangoni. Haya si visawe, jamani. Wengi hulieleza neno mtemi kuwa linatokana na kutema, yaani kukata: aliyefyeka pori la kwanza, au anayekata mashauri. Malafyale wa Unyakyusa walikuwa wengi, kila mmoja na kieneo chake, wakati mtwa wa Uhehe alikuwa mmoja na jeshi lake moja. Ukiwaita wote "chief" umewavisha kanzu ya kipimo kimoja, mrefu inampwaya na mnene inambana.

Maneno nayo yana vituko vyake. Leo ukimuuliza mtoto wa Dar es Salaam mangi ni nani, atakuonyesha duka la kona ya mtaa linalouza sukari na vocha. Kenya chifu hadi leo ni mtumishi wa serikali mwenye sare na ofisi, anayeitisha baraza lokesheni kwake. Kongo wanasema shefu, kutoka Kifaransa, na shefu anaweza kuwa mtawala wa kijiji au bosi wako wa kazini.

Hapo kwenye Kifaransa ndipo utamu ulipo. "Chief" ya Kiingereza ilitoka Kifaransa cha zamani, na Kifaransa kililitoa kwenye neno la Kilatini "caput". Maana yake ni kichwa. Basi! Chifu ni kichwa. Ndiyo maana Kiingereza kinalitumia neno hilo kwa chochote kinachotangulia: "Chief Justice" ni Jaji Mkuu, "chief cause" ni sababu kuu. "Kerchief" ni kitambaa cha kufunika kichwa. Hata kapteni ametoka kwenye "caput" hiyo hiyo, na hata neno lao la mji mkuu. Na lile la Kijerumani nililosema nitalirudia, "Häuptling"? Limetokana na "Haupt", yaani kichwa.

Sasa rudi Kalenga ukiwa na jambo hilo akilini. Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, karibu na mto Ruaha Ndogo, ndiyo ilikuwa makao makuu, na Mkwawa aliizungushia ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wake walikiteketeza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo, na Zelewski mwenyewe akafa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana von Schele akaja na mizinga na kuivunja ngome. (Jina Iringa lenyewe linatokana na lilinga, ngome kwa Kihehe. Wajerumani walilihamishia kwenye boma lao jipya mlimani, na Kalenga wakaiita Iringa ya zamani.) Mkwawa akakimbilia porini, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne. Msako uliongozwa na kapteni Tom Prince, na zawadi iliyotangazwa ilikuwa rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa. Sajini Merkl alipofika Mlambalasi alimkuta ameshajipiga risasi. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa bomani.

Yaani Wazungu wana neno la mtawala ambalo ndani yake ni kichwa, na waliyemwita kwa neno hilo wakamkata kichwa, chini ya ofisa ambaye cheo chake nacho kinatokana na kichwa. Sijui kama kuna neno jingine la Kiingereza lililowahi kuchukuliwa neno kwa neno namna hiyo.

Miezi sita ya Versailles iligeuka kuwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi yaliyotoka makoloni, na moja likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya ndugu za Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Adam Sapi. Kuna wanaotilia shaka kama ni lenyewe hasa, na kwa njia ile ya kulitambua siwalaumu. Lipo pale makumbusho ya Kalenga, ndani ya sanduku la kioo.

Kwa hiyo tumwiteje? Mimi naona "Mtwa Mkwawa" ndiyo sahihi, na gazeti halipotezi nafasi hata kidogo, maana neno ni fupi kuliko chifu. Atakayesema wasomaji hawatalielewa ajiulize mbona Mangi Meli tunamwandika mangi na Mtemi Mirambo tunamwandika mtemi, na hakuna aliyepotea.

Ila chifu nalo haliondoki kirahisi. Serikali ya uhuru ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Bado tarehe 8 Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa mkoani Mwanza akaitwa Chifu Hangaya. Na Bunge lililokuwapo machifu wakifutwa lilikuwa na Spika wake, Adam Sapi Mkwawa, aliyekalia kiti hicho tangu mwaka 1962 hadi 1973, kisha tena 1975 hadi 1994. Miaka yote hiyo, baada ya uchifu kufutwa, watu waliendelea kumwita Chifu Adam Sapi Mkwawa.