Yohana Dobi

Kwenye baa nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, nyuma ya kaunta husimama chupa ya pembe nne yenye picha ya bwana mmoja: kofia ndefu, buti, fimbo mkononi, hatua imerushwa mbele. Alichorwa mara ya kwanza mwaka 1908 na Tom Browne. Wenye kampuni walitaka picha ya kulingana na jina la mwasisi wao, John Walker, muuza duka wa Kilmarnock huko Scotland, na kwa kuwa walk ni kutembea, akachorwa mtu anayetembea. Shida ni kwamba ukoo wa Walker haukupewa jina kwa ajili ya matembezi. Walker alikuwa mkanyaga nguo.

Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kinakuwa kimelegea, na bado kina mafuta ya kondoo. Ukikivaa hivyo, upepo unakupita kama umevaa wavu. Kwa hiyo kililoweshwa kwenye pipa, mtu akaingia humo miguu mitupu na kukikanyaga kwa saa nyingi, mpaka nyuzi zishikane, kitambaa kisinyae na kuwa kizito. Ndani ya pipa hayakuwa maji matupu. Kulikuwa na mkojo uliovunda, maana amonia yake hukata mafuta. Warumi waliujua ufundi huo. Mabeseni ya wakanyagaji yangali yanaonekana kwenye magofu ya Pompeii, na Kaisari Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79, aliutoza mkojo ushuru. Uingereza nayo ilikuwa na watu wa kazi hiyo kila upande, kila upande ukiwaita kivyake: kaskazini Walker, kusini mashariki Fuller, kusini magharibi Tucker. Wajukuu wao leo ni wanasheria na madereva, hakuna anayejua babu alinuka nini.

Kazi yenyewe siyo ngeni kwangu, ukiondoa huo mkojo. Kila likizo ya Desemba mama aliloweka mablanketi kwenye karai kubwa uani, akamwaga sabuni ya unga, akatuamuru tunawe miguu na tuingie. Tulikanyaga tukishikana mabega, na maji yalivyozidi kuwa meusi ndivyo tulivyozidi kujisifu. Angepita Mwingereza wa karne ya 13, angesema watoto wale wana-walk, na angemaanisha hivyo hasa.

Hata hivyo, kukanyaga hakukuwa mwanzo wa neno hili. Katika Kiingereza cha kale wealcan ilikuwa kubingirika, kurushwarushwa, kwenda huku na huku. Mawimbi ya bahari yaliweza kufanya hivyo, miguu haikuhitajika. Mtu aliyekwenda kwa miguu alitumia neno jingine, gan, ambalo ndilo go ya leo. Baadaye, kufikia karne ya 13, mzururaji na mbingirikaji wakawa mtu mmoja, walk ikashuka kutoka mawimbini ikavaa viatu, na go ikaachiwa safari za kila namna. Neno lililokuwa la bahari nzima likabaki na jozi moja ya miguu.

Wajerumani hawakulihamisha. Kwao walken mpaka leo ni kukanda na kukanyaga sufu, na ukisikia fulani kafanyiwa durchwalken, ujue amepigwa akalainika. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani, maana sisi nasi tunatembeza kichapo. Waitalia walilichukua neno la Kijerumani wakalifanya gualchiera, kinu cha kukandia sufu kwa nguvu ya maji. Magofu ya vinu vya Remole yako hadi sasa kando ya mto Arno, karibu na Florence. Vinu vya aina hiyo vilifika Uingereza katika karne ya 12, nyundo za mbao zikaanza kupumzisha miguu. Lakini kwenye visiwa vya Hebrides, magharibi mwa Scotland, wanawake waliendelea kuketi kuzunguka meza ndefu wakikigonga kitambaa kilicholowa kwa mpigo wa nyimbo, hadi katikati ya karne ya 20. Kazi yao huitwa waulking, neno lile lile kwa tahajia nyingine. Ninapowafikiria huwaona watwangaji wa kwetu, michi ikipishana ndani ya kinu kimoja na wimbo ukishika zamu.

Nikiwa darasa la sita niliandika kwa Kiingereza kwamba basi lili-walk usiku kucha mpaka asubuhi. Mwalimu alilizungushia neno wino mwekundu na kuwasomea wenzangu, wakacheka mpaka kengele. Sikuelewa kosa. Basi halitembei? Kwetu gari linatembea, damu inatembea mwilini, maumivu yanaanza kiunoni na kutembea hadi gotini, nchi inatembeza bakuli kwa wafadhili. Kwa sababu hiyo alama za barabarani hulazimika kuongeza "kwa miguu" baada ya "watembea", nyongeza ambayo Mwingereza angeiona ni maneno mengi ya bure. Tembea yetu bado ina upana ambao walk iliupoteza. Laiti ningejua siku ile kwamba bahari ya Waingereza nayo ilikuwa na neno hilo kabla ya miguu yao, ningenyoosha mkono. Pengine ningechapwa, lakini ningenyoosha.

Na jina lile la kwenye chupa? Kiswahili kinalo, na limo ndani ya Biblia. Katika Marko 9:3, mavazi ya Yesu yanapong'aa mlimani, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema hakuna fuller duniani awezaye kuyafanya meupe vile. Watafsiri wetu hawakuhangaika kuunda neno. Walimwita dobi, neno la asili ya Kihindi, na dobi kila mtaa unamfahamu. Basi Fuller ni dobi, na Walker ni Fuller wa kaskazini.

Juzi nilimwambia mhudumu aniletee Yohana Dobi, bila barafu. Akageuka, akazikagua chupa zote rafu kwa rafu, akamuuliza mwenzake, kisha akarudi.

"Huyo ameisha, mzee. Labda wiki ijayo."