Kampala: Namna ya kupata jointi sahihi ya ekseli kwa gari la foo-wili

Jointi ya ekseli ni kifaa kinachoenea kiganjani, lakini ikivunjika inaweza kulilaza gari porini, mbali na fundi. Kwa wenye magari ya foo-wili nchini Uganda, soko kubwa la vipuri hivyo liko Kampala. Tatizo ni kwamba jointi mbili zinaweza kufanana machoni, na moja tu ikaingia kwenye gari.

Uganda haina bandari ya bahari. Magari yake mengi ni yaliyokwisha kutumika Japani, nchi ambayo nayo huendesha upande wa kushoto wa barabara, na sehemu kubwa hupitia Mombasa. Mwaka 2018 sheria ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Hata hivyo, Toyota Land Cruiser na Prado za miaka ya 1990 zilizokuwa tayari nchini zimebaki barabarani, na uhai wake unategemea vipuri.

Jointi ipi imekufa?

Jointi ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza ni krosi za propela shafti: chuma chenye umbo la msalaba na vikombe vinne vya beringi za sindano. Krosi iliyochakaa hugonga gia inapoingizwa, na gari hutetemeka mwendo unapoongezeka.

Ya pili ni jointi ya CV ya ekseli ya mbele, ambayo muundo wake wa gololi sita ulibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920. Kazi yake ni kulizungusha gurudumu kwa mwendo ulio sawa hata usukani unapokatwa. Ikichakaa, hutoa mlio wa kukatika-katika gari linapopinda kona kali.

Kwenye Prado, jointi hiyo huonekana chini ya gari ikiwa imefunikwa kwa raba. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80 imefichwa ndani ya ekseli, nyuma ya gurudumu. Hapo dalili ya hatari ni oili ya difu kuchanganyika na grisi na kuvuja.

Namba kwanza

Kutaja "Prado ya 1998" dukani hakutoshi. Injini, aina ya ekseli na uwepo wa breki za ABS vinaweza kubadilisha jointi inayohitajika. Kitambulisho cha uhakika ni namba ya fremu pamoja na kibao cha mtengenezaji.

Magari yaliyouzwa kwanza ndani ya Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Yana namba fupi zaidi ya fremu. Kwa hiyo orodha ya vipuri iliyoandaliwa kwa masoko mengine inaweza kuonyesha kifaa kisichohusika.

Njia salama ni kupeleka dukani jointi ya zamani. Huhesabiwa meno ya ndani na ya nje, hupimwa kipenyo kwa kalipa, na hukaguliwa kama ina pete ya meno ya ABS. Kwa krosi, hupimwa upana wa kikombe na urefu wa msalaba kutoka ncha hadi ncha.

Kisekka na kwingineko

Kitovu cha biashara hii ni soko la Kisekka, karibu na Nakivubo, lenye jina la Samson Kisekka, waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991. Hapo mnunuzi hukutana na vipuri vya wakala wa mtengenezaji, vipya vya kampuni nyingine, vilivyotolewa kwenye magari ya Japani, na bandia vilivyofungwa kwenye boksi lenye jina kubwa.

Jointi iliyotumika ya Japani inaweza kudumu kuliko mpya ya bei ya kutupa, mradi ikaguliwe. Huoshwa grisi, kisha hutazamwa njia za gololi. Yenye mashimo, nyufa au rangi ya buluu ya chuma kilichoungua hukataliwa. Risiti nayo ni muhimu, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.

Baadhi ya mafundi huhamishia jointi ya kulia upande wa kushoto ili gololi zisukume upande usiochakaa. Mlio hupungua, lakini hiyo ni nafuu ya muda tu.

Wakati wa kufunga

Propela shafti hutiwa alama kabla ya kufunguliwa. Krosi za ncha zake mbili hufidiana, na zikifungwa nje ya mstari wake, mtetemo hurudi hata kama krosi ni mpya. Hatari si mtetemo pekee: propela ikikatika upande wa mbele inaweza kujikita ardhini gari likiwa kwenye mwendo.

Jointi ya CV huhitaji grisi yenye molibdeni, raba mpya na vibano vipya. Raba ikipasuka, vumbi la murram na tope la masika huingia kwenye grisi na kuigeuza msasa. Ndiyo maana raba hukaguliwa kila gari linapobadilishwa oili: bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya jointi inayoilinda.