UZI: Nani atazirudisha baiskeli?

1. Kila msimu wa kampeni tunasikia ahadi ya aina moja: tutaleta kitu, tutakizindua, wananchi watakitumia. Nani atakiendesha miaka mitatu baadaye, Jumanne ya kawaida, kamera zikiwa zimeenda? Hapo kimya. Swali hilo nataka tuliangalie kupitia historia ya baiskeli za umma katika miji ya ng'ambo. Twende polepole.

2. Mpango wenyewe ni rahisi. Mji unaweka vituo barabarani. Unachukua baiskeli kituo kimoja, unaiendesha, unaifungia kituo kingine. Lakini asubuhi karibu kila mtu anaelekea upande mmoja, kazini. Ikifika saa tatu, vituo vya mitaa ya makazi havina kitu, na vya katikati ya mji vimejaa hadi huna pa kufungia yako. Ni kama matatu: asubuhi zinajaa zikienda tao, zinarudi nusu tupu. Tofauti ni kwamba matatu ina dereva wa kuirudisha. Baiskeli haina.

3. Wazo lilianzia Amsterdam, 1965. Vijana wa kundi la Provo walipaka baiskeli chache rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli, kila mtu ajichukulie. Polisi wakazibeba, maana sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufuli. Walitaka mji ununue maelfu zaidi, baraza likakataa. Hawakufika hata mahali pa kuuliza nani atazipanga.

4. Copenhagen, 1995. Hapa kulikuwa na vituo. Unatumbukiza sarafu ya krona 20, baiskeli inafunguka. Ukiirudisha kituo chochote, unapata sarafu yako. Lakini sarafu haina jina. Nyingi ziliibwa, na hakuna aliyejua ipi iko wapi. Huwezi kusawazisha kitu usichokiona.

5. Lyon (2005) na Paris (Julai 2007) zikaleta kadi na kompyuta. Paris ilianza na baiskeli kama 7,000, na kampuni ya JCDecaux ikaziendesha ili nayo ipewe mabango ya matangazo ya mji. Sasa kituo kitupu kilionekana kwenye skrini. Sawa, lakini kukiona hakukijazi. Lazima mtu apakie baiskeli kwenye gari na kuzipeleka, mchana na usiku.

6. Halafu kuna mlima. Wakazi wa Montmartre na Belleville waliteremka kwa baiskeli, wakapanda kurudi kwa metro. Nani apige pedali mlimani baada ya kazi? Mwaka 2008 Paris ikaanza kumpa dakika 15 za ziada bila malipo kila anayerudisha baiskeli kituo cha juu. Ilisaidia kiasi, lakini magari hayakuacha kupanda.

7. New York ilianza Mei 2013. Sifa yake kubwa: hakuna pesa za mlipa kodi. Benki ya Citi ilitoa dola milioni 41 kwa miaka mitano ili jina lake likae kwenye baiskeli. Vituo vya kwanza vikawekwa kusini mwa Manhattan na sehemu ya Brooklyn. Mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini, kama ile ya Bronx, ikabaki kusubiri.

8. Baadaye waendeshaji wakaanza kuwapa wateja pointi, na hata pesa, kwa kutoa baiskeli kituo kilichojaa na kuzipeleka kilicho kitupu. Wazo zuri, eh? Mwaka 2024 ikaripotiwa kuwa kuna watu waliokuwa wakihamisha baiskeli zote kutoka kituo kimoja hadi cha jirani, wakingoja kompyuta ibadilishe hesabu, kisha wanazirudisha zilikotoka. Wanalipwa kwenda na kurudi. Ukilipia mwendo badala ya huduma, utauziwa mwendo.

9. China ikajaribu njia nyingine: hakuna vituo, acha popote. Kampuni kama ofo na Mobike zilimwaga mamilioni ya baiskeli mijini. Njia za waenda kwa miguu zikazibwa, na baiskeli zikaishia kwenye marundo makubwa viwanjani. Mwisho wa 2018, watu zaidi ya milioni 10 walikuwa kwenye foleni ya mtandaoni wakiidai ofo amana zao.

10. Paris tena, 2018. Kandarasi ilienda kwa mwendeshaji mpya, vituo vikachelewa vibaya, na wafanyakazi wakagoma kwa sababu ya malipo ya usiku na Jumapili. Wale wa kuhamisha baiskeli gizani, ambao hawakatiwi utepe na mtu, ndio mradi wenyewe.

11. Kwenye mijadala yetu tunagombania "serikali au kampuni?" Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Tuulize kwanza kandarasi inapima nini. Ukipima wastani wa mji mzima, mwendeshaji atajaza vituo vya katikati, kwenye safari nyingi, na wastani utapendeza. Mama wa mtaa wa mbali ataendelea kukuta kituo kitupu kila asubuhi, na ripoti itasema mradi umefaulu. Ukitaka apate baiskeli, andika kituo chake kwenye kandarasi, weka saa ambazo hakitakiwi kuwa kitupu, na weka faini.

12. Hii si habari ya baiskeli peke yake. Kisima chenye pampu lakini hakina pesa ya fundi, zahanati yenye jengo lakini haina muuguzi wa usiku, ni hadithi ile ile. Basi mgombea wa upande wowote akija na ahadi ya kuzindua, mpigie makofi ukitaka. Kisha muulize: bajeti ya mwaka wa tatu iko wapi? Nani anafanya kazi ya usiku, na analipwa ngapi? Mtaa wangu umeandikwa kwenye kandarasi, ama uko ndani ya wastani?