Kuwanywesha Wenye Kiu Huko Maji ya Chai

Huko Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, tendo la huruma la kuwanywesha wenye kiu lina ugumu wake. Maji yapo, lakini miamba ya volkano huyatia madini ya floraidi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi huacha meno ya kahawia, na kwa watoto wengine matege. Kuchemsha hakuiondoi, ingawa wengi wetu hudhani hivyo. Mkaa wa mifupa huipunguza. Maji ya mvua huwa nayo kidogo sana.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Ndizo zinazoijua kila nyumba: nani amejifungua, nani hana bati wala pipa. Tunaposali jioni tukimtumaini Mungu, tunamwomba pia atuoneshe nyumba ya kupelekewa ndoo ya maji ya mvua. Meno mengi ya kudumu hujengeka katika miaka minane ya kwanza, basi tuanzie kwa mama mwenye mtoto mchanga.