Gisaro Muhoza na Kiti cha Uvira

Historia ya milima ya Uvira, kuanzia Rurambo hadi Bijombo, siku hizi husimuliwa kwa majina ya makamanda. Gisaro Muhoza, msomi aliyechaguliwa kuingia Bunge la Zaire mwaka 1977, akitajwa hutajwa tu kama mtu aliyelieneza jina la Banyamulenge. Naona hilo linampunja. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza wa jamii yake kufika chuo kikuu, na elimu ilimwonyesha kwamba unyonge wa watu wake ulianzia kwenye ramani ya utawala. Ukoloni wa Kibelgiji uliiacha Uvira mikononi mwa watawala wa Bavira, Bafuliiru na Barundi wa Bonde la Ruzizi. Banyamulenge, wafugaji wa mlimani ambao wengi wa mababu zao waliingia huko karne ya 19, hawakuwa na usultani wao. Kesi ya malisho, kodi, ombi la shule, vyote vilipita kwa mwami, yaani mtawala wa jadi, wa watu wengine. Ndiyo maana Gisaro alidai eneo la utawala, na akaupigania ubunge kama njia ya kulifikia.

Majirani walikuwa na hoja, tena nzito. Mulenge yenyewe ni kijiji kilichomo katika nchi ya Bafuliiru, kwa hiyo watu kujiita kwa jina hilo kulisikika kama kudai ardhi. Tena jeraha la uasi wa Simba dhidi ya serikali lilikuwa bichi: waasi walipowageukia ng'ombe wa mlimani, vijana wengi wa Banyamulenge walijiunga na jeshi la Mobutu, wakapigana na wana wa jirani zao. Baada ya vita milango ya shule na kazi za serikali iliwafungukia zaidi kuliko zamani. Kizazi cha Gisaro kilinufaika na ushindi huo, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi kumfanya yeye kuwa chanzo cha ugomvi. Baada ya mwaka 1959 wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamejaa Kivu, na kila mwenye kusema Kinyarwanda alianza kutiwa kapu moja nao. Kujitambulisha kwa jina la kijiji cha Kongo kulikuwa kujitenga na Rwanda. Anayepanga kuhama nchi hajishughulishi kuomba ofisi ndani yake. Pia tazama njia aliyoitumia: kura, hotuba na barua. Njia hiyo ilizibwa na serikali. Sheria ya uraia ya 29 Juni 1981 ilifuta ile ya 1972 na kumtaka mtu athibitishe kwamba asili yake ilikuwa Kongo tangu mwaka 1885. Uchaguzi wa 1982 ulipofika, wagombea wa Banyamulenge walienguliwa kwa kisingizio cha uraia wenye shaka. Mwaka 1987 masanduku ya kura yakavunjwa mlimani. Kutoka hapo hadi bunduki za vita vya 1996 ni miaka tisa, na ndani yake limo azimio la bunge la mpito la Aprili 1995 lililotaka watu hawa warudishwe Rwanda na Burundi.

Dai lenyewe la eneo la utawala halijazikwa. Minembwe, makao ya Banyamulenge mlimani, ilipewa hadhi ya komuni kwa amri ya 2013, kiongozi wake akasimikwa Septemba 2020, na siku chache baadaye Rais Tshisekedi akaifuta hatua hiyo kwa sababu ya malalamiko yaleyale ya ardhi na mipaka ambayo Gisaro aliyakabili.